Jalada Silihitaji, Nisomee Namba

Mimi hukusanya santuri za The Dark Side of the Moon, na kila mara hunifikia picha ileile: jalada jeusi, mwale wa mwanga unaingia kwenye prizimu na kutokea upande wa pili umegawanyika rangi sita. Na swali ni lilelile: "Hii ni chapa ya kwanza?" Yaani, ni kati ya zile zilizopigwa kiwandani mwanzoni kabisa? Jibu langu huwakera watu. Jalada silihitaji. Itoe santuri, ilaze chini ya taa hadi mwanga uipige kiubavu, kisha unisomee kilichoandikwa kwenye ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, ile karatasi ya katikati.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ilitoka Machi 1973, na kati ya mwaka huo na 1988 ilikaa wiki 741 kwenye chati ya albamu ya Billboard nchini Marekani. Albamu iliyouzwa kiasi hicho haiwezi kuwa adimu, hata muuzaji akiapa. Kinachoadimika ni nakala fulani, kutoka kalibu fulani ya kiwandani, ambayo haikuchezwa na sindano butu kwenye karamu za miaka ya sabini. Ndiyo maana mkusanyaji anaweza kuwa na nakala ishirini za albamu moja na bado akaamka usiku kutafuta ya ishirini na moja. Najua, maana ni mimi.

Wengi wanaanza na nchi: ya Uingereza ni bora, ya Japani ni kimya, ya Marekani achana nayo. Kuna ukweli humo, ila nchi peke yake haikuambii mengi. Sauti hutoka kwenye tepu na kwanza huchongwa kwenye sahani ya laka. Laka hupakwa madini, yakibanduliwa hupatikana nakala ya chuma inayoitwa baba. Baba humzaa mama, na mama huzaa kalibu zinazobana plastiki ya moto mpaka iwe santuri. Kalibu huchoka, hutupwa, ikaletwa nyingine. Sasa, tepu halisi ilibaki London, ambako albamu ilirekodiwa katika studio za Abbey Road. Matawi ya nje ya EMI, kampuni iliyoitoa albamu, yaliyochonga laka yao wenyewe yalifanya kazi na nakala ya tepu, na kila ukinakili tepu unaongeza mvumo na kupoteza ukali kidogo. Kwa albamu nyingine usingejali. Hii inaanza na mapigo ya moyo yanayopanda taratibu kutoka kwenye ukimya, na inaishia na mapigo hayohayo. Mvumo hauna pa kujificha.

Tuanze na ya Uingereza, namba ya katalogi SHVL 804, iliyotolewa kwa jina la Harvest, tawi la EMI. Lebo ya mwanzo ina pembetatu iliyojaa rangi ya samawati. Za baadaye zina mistari tu ya pembetatu. Hapo ndipo wengi huishia, nami ndipo nilipoponzwa. Miaka iliyopita niliagiza nakala iliyotangazwa kuwa chapa ya kwanza. Picha zilionyesha jalada zuri la kukunjua, mabango mawili, stika mbili, hata harufu ya karatasi nilikuwa naisikia kwenye skrini. Iliponifikia, kila kitu kilikuwa cha mwanzo isipokuwa santuri yenyewe! Ndani mlikuwa na sahani ya miaka ya baadaye. Sidhani muuzaji alinuia kunilaghai. Mtu alikwaruza santuri yake, akanunua nyingine, akaitia kwenye jalada la zamani. Majalada na santuri huoana na kuachana kwa miaka hamsini bila cheti cha ndoa.

Kwa hiyo, soma ukanda. Zungusha santuri mpaka namba kuu, ile yenye SHVL 804, iwe chini na isomeke vizuri. Nakala za mwanzo za Uingereza huandikwa A-2 upande wa kwanza na B-2 upande wa pili. Tarakimu hiyo ya mwisho ni laka ya ngapi. Kisha tazama kushoto: kuna tarakimu, ndiyo namba ya mama. Kulia kuna herufi, ndiyo namba ya kalibu. (Waingereza hutaja sehemu hizi kwa mishale ya saa. Mimi nasema kushoto na kulia, maana kwa saa zetu tungegombana.) Herufi hizo ni fumbo tamu la kiwanda cha EMI cha Hayes. Walichukua neno GRAMOPHLTD, lenye herufi kumi zisizojirudia: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, na kuendelea hadi D ambayo ni 0. Yangu ina 3 kushoto na PA kulia. P ni 6, A ni 3: kalibu ya 63, na imetoka kwa mama wa tatu. Si ya asubuhi ya kwanza kiwandani, lakini nikiiweka karibu na dirisha na kuona zile herufi mbili ndogo zilizogongwa kwa mkono kidogo upande, najisikia kama nimeshikana mkono na fundi wa mwaka 1973.

Ulaya bara ni rahisi kuitambua. EMI walikuwa na mfumo mmoja wa namba: 1C ni Ujerumani, 2C Ufaransa, 3C Italia, 5C Uholanzi, na katikati utakuta 05249 ileile. Ya Argentina nayo huchekesha kidogo, majina ya nyimbo yametafsiriwa kwa Kihispania. Hizo nanunua kwa macho zaidi kuliko masikio, na sioni aibu.

Ya Japani ya mwanzo, EOP-80778, huja na ule ukanda wa karatasi uitwao obi, na plastiki yake ni kimya ajabu: mapigo ya moyo yanatoka gizani kabisa. Ila masikioni mwangu besi imenyooka mno, kama shati lililopigwa pasi mpaka likapoteza mwili. Wapo watakaonitukana kwa hilo.

Nikipima nakala yoyote sianzi na saa zinazolia kwenye wimbo wa Time, ambazo kila mtu huzikimbilia. Naenda mwisho wa upande wa kwanza, The Great Gig in the Sky, pale mwimbaji Clare Torry anapopaza sauti. Santuri huzunguka kwa kasi ileile, lakini ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kama sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo ni kama 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano mbaya ikishapita hapo mara nyingi, sauti yake hukwaruza milele, hata santuri ikionekana inang'aa. Mwombe muuzaji akurekodie dakika hiyo moja. Akisita, umeshajibiwa.

Kuna mbili nyingine zisizofuata mantiki ya nchi. Q4SHVL 804 ni ya spika nne, imechanganywa na Alan Parsons, mhandisi wa albamu yenyewe. Hiyo ni michanganyo mingine kabisa, si chapa nyingine. Na ya Mobile Fidelity ya 1979 ni ya kampuni ya Marekani, ikachongwa kwa nusu ya kasi, ikapigwa Japani. Sasa hiyo utaiita ya nchi gani?

Aliyenitumia picha wiki hii bado hajarudi na namba. Nadhani anatafuta tochi.