Mdoli wa Leba si wa Kuchezea: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mwanza

Siku za karibuni masanduku ya maoni ya vituo vyetu yamekuwa yakileta lalamiko moja kwa maneno tofauti: "Tumekaa kwenye benchi, manesi wanacheza na mdoli." Kama mkufunzi wa wakunga naomba nilitolee ufafanuzi. Anayelalamika nampa heshima yake, maana amekuja na mgonjwa na ana hofu. Ila hilo neno "kucheza" tuliache.

Mdoli huo ni wa kufanyia mazoezi ya kumsaidia kichanga asiyepumua, na hujazwa maji ya uvuguvugu ili uwe na uzito wa kichanga na kichwa kilegee mkononi. Mkufunzi ameshika vipira vidogo: akibonyeza kimoja mdoli unalia, akibonyeza kingine kitovu kinadunda. Asipobonyeza, mkunga ajue mtoto hapumui. Hapo atamkausha, atamsugua mgongo, atasafisha njia ya hewa kama imeziba, na akiona bado kimya atashika ambu bagi, yaani mfuko wa kubonyeza wenye barakoa wa kusukuma hewa mapafuni, ampumulishe, pumzi 40 hivi kwa dakika. Kupumulisha kuwe kumeanza kabla dakika ya kwanza ya mtoto kuisha. Sisi tunaiita dakika ya dhahabu.

Nimewahi kusimama nyuma ya mkunga mzoefu, mama wa watu, barakoa ya ambu inavujisha hewa kidevuni na kifua cha mdoli kimetulia tuli. Aliendelea kubonyeza. Baadaye akainua kidevu, akaibana barakoa upya, kifua kikapanda. Tukarudia mara tano, na siku hiyo hakuna mtoto aliyeumia.

Kati ya watoto kumi wanaozaliwa, mmoja hivi huhitaji msaada ili aanze kupumua. Kwenye zahanati yenye wazazi wachache, mkunga anaweza kumaliza wiki kadhaa bila kumwona mtoto wa namna hiyo, na mkono usiofanya mazoezi husahau. Kwa wenzetu wa Ukerewe jambo hili ni zito zaidi. Usiku, huku ziwa limechafuka, rufaa ya kuja mjini ni safari ya majini, na mtoto asiyepumua hana muda huo. Ujuzi lazima uwe palepale kisiwani.

Upo pia mdoli wa mama. Mtumishi mmoja hujifunga tumbo la bandia, "anajifungua", kisha damu ya bandia inaanza kutiririka. Wenzake waite msaada, wakande mfuko wa uzazi, watoe oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ipungue, wakadirie damu iliyopotea. Ikifika nusu lita ni dharura, hata kama mama bado anaongea na kucheka.

Mikoa mitano, yaani Mwanza, Geita, Shinyanga, Tabora na Manyara, iliingia kwenye mpango mmoja wa uzazi salama ulioongozwa na Hospitali ya Haydom, katika vituo 30. Wakufunzi waliandaliwa, wakarudi vituoni kwao kusimamia mazoezi mafupi ya mara kwa mara, na kila kituo kikawa kinazitazama takwimu zake chenyewe ili kijue kinakosea wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, ya uzazi upatao 300,000, yalionyesha vifo vya kina mama vimepungua kwa takribani asilimia 75, na vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Anayesema ni mchezo azitazame namba hizo.

Sasa utaratibu. Mazoezi yanafaa kufanyika wakati wa kupokezana zamu, kwa dakika chache, na lazima abaki mtumishi wa kuwaangalia wajawazito. Mama akifikia hatua ya kusukuma, mazoezi yanasimama. Ukiona mgonjwa ameachwa peke yake kwa sababu ya mdoli, hilo ni kosa na una haki ya kulalamika: anza kwa mkunga kiongozi wa wodi, kisha Mganga Mfawidhi anayeongoza kituo, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri. Andika tarehe, saa na wodi, maana lalamiko lisilo na saa hatuwezi kulifuatilia. Suala la maadili ya muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo lina mamlaka ya kumsimamisha au kumfutia usajili. Kumpiga picha mtumishi na kumrusha kwenye makundi ya WhatsApp si kulalamika, na ukimnasa mzazi mwingine akiwa leba umeingilia faragha yake.

Jambo moja linanichosha, nalo nitalisema. Ndugu wanamnywesha mjamzito dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, wakifika kituoni wanaficha. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, na mkunga atakuwa anahangaika bila kujua chanzo. Mwambieni. Hatagomba, na kama atagomba, mwambieni hivyo hivyo.

Kwa vituo: ambu bagi iliyopasuka isirudishwe kabatini. Itolewe taarifa siku hiyo hiyo kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri, na ya mazoezi isichanganywe kamwe na ya watoto.