Je, watazamaji ndio wasiowataka watangazaji wanawake wenye umri mkubwa?

Imani iliyozoeleka kwamba watazamaji huwachoka watangazaji wanawake wakishapita miaka hamsini haikuthibitika mahakama ya kazi ya London ilipotoa hukumu mwaka 2011. Miriam O'Reilly, mtangazaji wa televisheni aliyeeleza kuwa alitahadharishwa kuhusu makunyanzi yake kabla ya kuja kwa kamera zenye picha ang'avu zaidi, aliondolewa Countryfile, kipindi cha BBC kuhusu maisha ya vijijini, kilipohamishiwa jioni mwaka 2009, huku mtangazaji mwenzake John Craven, aliyemzidi umri, akibaki. Mahakama ilikubali kuwa kutafuta watazamaji vijana ni lengo halali, lakini haikuona uthibitisho kwamba ni lazima wavutwe na watangazaji vijana. Dai la ubaguzi wa umri lilishinda. Lile la jinsia, kinyume na inavyosimuliwa mara nyingi, lilikataliwa.