Batani nzima, upanga mbichi: dhana potofu kuhusu Mega Man Zero

"Fundi, batani hazishiki." Wengi wanaoniletea Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi, yenye gemu la Mega Man Zero hapa Makoroboi, Mwanza, huanza hivyo. Nabonyeza L, batani ya juu kushoto, na Zero, roboti shujaa wa gemu, anachomoka mbele. Nabonyeza tena, anachomoka tena. Namrudishia mwenye mali acheze nikimwangalia: anasimama mbali, anafyatua risasi mojamoja, adui anamfikia, kwisha. Batani ina kosa gani hapo?

Silaha za gemu hili hukua kwa kutumiwa, na hilo ndilo watu hawataki kulisikia. Upanga wa Zero, Z-Saber, mwanzoni unakata pigo moja tu. Mapigo matatu mfululizo unayapata baada ya kuutumia sana kwa maadui. Hata bunduki, Buster Shot, mwanzoni huwezi kuichaji, yaani kushikilia batani risasi ikusanye nguvu. Nayo inataka kuzoeshwa. Sasa wewe unayeogopa kusogea karibu unafika kwa bosi mkubwa na upanga mbichi kama ulivyopewa, unachapwa, halafu unakuja kwangu na maneno ya batani! Rudi maeneo ya mwanzo, tafuta maadui dhaifu, wakate hadi silaha ipande levo. Kuchosha kunachosha, lakini ni bure, wakati mimi kufungua kifaa nalipwa.

Kumbuka pia kioo cha mashine ni kidogo, nukta 240 kwa 160. Adui akitokea pembeni, tayari amekaribia. Kwa hiyo tembea taratibu na ukariri anatokea wapi. Kampuni ya Inti Creates, walioitengenezea Capcom gemu hili mwaka 2002, hawakukusudia umalize kwa kukimbia.

Nisiwe mkatili: L huchoka kweli, hasa kwenye mashine za mitumba za Mlango Mmoja. Ila ikichoka haitaitika kwenye gemu lolote. Jaribu gemu jingine kabla hujapanda daladala kuja mjini.

"Kioo kimekufa." Hakijafa. Game Boy Advance ya kwanza, ya 2001, haina taa kabisa. Toka nje juani utakiona vizuri. Ukitaka kucheza usiku tafuta toleo la SP la 2003, ina taa na betri ya kuchaji. Nawaambia kila siku, bado wananiomba niwabadilishie kioo.

"Cyber-elf ni msaada wa bure." Hao ni viumbe wadogo wanaomsaidia Zero, na si bure. Ukimtumia mmoja anakufa, na alama zako za misheni zinashuka. Anayewinda daraja la S, la juu kabisa, awaache walivyo.

"Bila mashine ya zamani hulipati." Tangu 2020 gemu zote nne za Zero zimo kwenye mkusanyiko mmoja unaochezeka kwenye PS4, tena una sehemu za kuhifadhi katikati ya misheni. Wenye vibanda vya PS4 Igoma na Kirumba, mnasubiri nini?

Halafu kuna wanaodai Zero anapigania roboti wabaya. Neo Arcadia, dola inayotawala ndani ya gemu, ina uhaba wa nishati, hivyo inawabambikia Reploid, roboti wenye akili kama watu, wasio na hatia jina la waasi wabovu, ipate sababu ya kuwamaliza. Anayewaongoza hao waliokimbia ni binadamu, mwanasayansi Ciel, aliyemwamsha Zero kutoka usingizi wa miaka kama 100. Na Copy X, mtawala anayewawinda, aliundwa na Ciel huyohuyo. Yote yamo kwenye maongezi ambayo vijana wanayaruka, kisha wananiuliza mimi yule dada wa nywele za njano ni nani.