"Aliweka Mambo Moyoni": haiba, maradhi na lawama isiyomstahili mgonjwa

Shangazi yangu alipougua saratani ya titi, waliokuja kumjulia hali walileta mchele, maziwa na maelezo. Maelezo yenyewe yalikuwa yale yale: "Huyu tangu ujana wake hasemi, anaweka mambo moyoni, ndiyo maana." Mwisho akaamini. Jioni moja aliniuliza kama angekuwa mtu wa kufoka asingeugua. Siku ile sikuwa na jibu. Hapa nazipima, moja moja, dhana tunazozisikia kuhusu tabia ya mtu na maradhi.

"Anayemeza machungu hupata kansa."

Dhana hii ni ya kale. Tiba ya Wayunani, ambayo Waarabu waliirithi na kuieneza, ilisema mwili una maji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Tabia ya mtu ilitokana na maji yaliyozidi. Galeni, tabibu wao mashuhuri wa kale, aliihusisha saratani na nyongo nyeusi, ile ile ya watu wa huzuni.

Karne ya 20 dhana hiyo ikavishwa koti la maabara. Hans Eysenck, mwanasaikolojia mashuhuri wa London, pamoja na Ronald Grossarth-Maticek wa Heidelberg, walichapisha matokeo ya kushangaza: eti kuna haiba, yaani hulka ya mtu, inayoelekea saratani, na haiba hiyo huua kuliko hata sigara. Wenzao walitilia shaka takwimu hizo tangu mapema. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London, chuo alichofundisha Eysenck, uliamua kwamba makala 26 za wawili hao haziwezi kutegemewa, na majarida yakaanza kuzifuta. Fedha za makampuni ya tumbaku zilikuwa zimeingia katika kazi hiyo. Muuza sigara ana faida gani kubwa zaidi ya kuambiwa kwamba kosa ni la tabia ya mvutaji?

Tafiti kubwa zilizofuata watu wazima kwa miaka mingi zimesema kingine. Ile ya Sweden na Finland iliyochapishwa mwaka 2010, yenye watu karibu 60,000, haikuona haiba ikiongeza hatari ya kupata saratani. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha tafiti sita zenye watu zaidi ya 42,000, nao hawakuona kitu. Mgonjwa mwenye huzuni anastahili kusikilizwa na kutibiwa huzuni yake. Lakini ukimya wa shangazi haukumwotesha uvimbe.

"Presha ni ya wenye hasira na haraka."

Hapa pana chembe ya ukweli, ndiyo maana dhana hii haing'oki. Madaktari wa moyo Meyer Friedman na Ray Rosenman wa San Francisco waliambiwa na fundi wa viti kwamba viti vya wagonjwa wao vimechakaa ukingo wa mbele, kana kwamba wanaovikalia wako tayari kuinuka muda wote. Wakawaita watu hao Aina A: wenye haraka, wenye kushindana, wepesi wa kukasirika. Utafiti wao ulioanza mwaka 1960 ulifuata wanaume zaidi ya 3,000, na walio Aina A walipata maradhi ya moyo karibu mara mbili ya wengine.

Kisha mwaka 1988 watafiti wengine wakawaangalia wanaume 257 kati ya hao hao, waliokwisha kuugua moyo. Aina A hawakufa zaidi baada ya kuugua, bali walikufa wachache zaidi. Polepole haraka na ushindani vikaachwa, na kilichobaki ni uadui, yaani mtu kuishi akiwashuku na kuwachukia watu, nao uhusiano wake na moyo ni mdogo. Nyaraka zilizofunguliwa baada ya kesi za tumbaku Marekani zilionyesha kwamba hata utafiti wa Aina A ulifadhiliwa kwa miaka na kampuni ya sigara.

Kinachoniuma zaidi ni mtu mpole. Anajiambia, "Mimi sina hasira, presha nitaitoa wapi?" Hapimwi. Chumvi, uzito, pombe, umri na urithi wa ukoo havimwulizi kama ni mpole, na presha hukaa mwilini miaka bila dalili.

"Mcheshi huishi miaka mingi."

Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kufuatilia watoto wapatao 1,500 wa California, wote wenye akili kali. Miongo saba baadaye wengi walikuwa wamefariki, ikawezekana kulinganisha. Watoto walioonekana makini na wenye kuwajibika waliishi zaidi. Wacheshi waliishi kidogo kuliko wenzao. Sehemu ya maelezo ni mazoea: aliye makini hunywa na kuvuta kidogo, na dawa ya kila siku anaimeza hata akijisikia mzima. Ila huu ni wastani wa watu wengi. Haumtabirii mtu mmoja.



"Nilijaza dodoso la haiba, likanieleza kama linanijua."

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa maneno yale yale. Wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Dodoso zuri hupimwa kwa kurudiwa na kwa kulinganishwa na maisha halisi, si kwa mtu kulifurahia.

Hata lile la sifa tano kuu (udadisi, umakini, uchangamfu, upole na wasiwasi), linalotumiwa zaidi na watafiti, lilijengwa juu ya lugha za Ulaya. Watafiti walipokusanya maneno ya tabia katika Kimaa, lugha ya Wamasai wa Kenya na Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2020, sifa hizo tano hazikujitokeza kama zilivyo kwa Waingereza.

"Haiba haibadiliki."

Hubadilika. Watu wengi hupungua wasiwasi na kuongezeka umakini kadiri wanavyokua. Mwaka 2017 mapitio ya tafiti 207 yalionyesha kwamba matibabu ya kisaikolojia ya miezi michache huibadilisha haiba pia, hasa wepesi wa kuhofu na kusononeka, na waliobadilika zaidi ni wale waliokuja kutibiwa wakiwa na maradhi ya wasiwasi.