Jozani: Usimpe Kima Punju Ndizi

Wageni wengi wanaofika hifadhi ya msitu wa Jozani, Unguja, hushangaa kuona kima punju, kima wekundu wa kisiwa hiki, hawawakimbii. Wamekaa matawi ya chini, mmoja ananyonyesha, wengine wanasafishana manyoya, na mtu akipita hata shingo hawageuzi. Hapo simu zinatoka mifukoni, na baada ya simu hutoka ndizi. Sisi wahifadhi tunaihofia ndizi kuliko simu.

Tumbo la kima punju si kama letu. Lina vyumba kadhaa, na humo vijidudu huchachusha majani, mithili ya tumbo la ng'ombe. Chakula chake ni majani machanga, maua na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari nyingi huchacha upesi mno, asidi ikazidi tumboni, na mnyama akaumwa. Wale wanaoishi karibu na mashamba hula pia majani ya miembe na ya miti ya mikungu, yenye kemikali zinazovuruga usagaji wa chakula, kisha hutafuta mkaa na kuutafuna ili uzinyonye kemikali hizo. Dawa yake anaijua. Hajatuomba kitu.

Kwa hiyo kaa mbali naye angalau mita tatu, hata akikusogelea yeye. Rudi nyuma wewe. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha ziara: maradhi yetu ya njia ya hewa huweza kuwaambukiza wanyama wa jamii ya nyani, na kundi hukaa limebanana. Mwongozaji akikukataza kupiga picha kwa karibu, usimpe bakshishi ili afumbe macho. Hilo hutokea, tusifichane.

Asili ya kima huyu ni Unguja tu, duniani kote. Sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria zaidi ya 5,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa awali, lakini bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Wengine wanaishi nje ya hifadhi, kwenye mashamba ya watu, ndiyo maana sehemu ya kiingilio unacholipa huenda kwa wanavijiji jirani.

Barabara ya kusini mashariki nayo inakata makazi yao. Matuta yaliyowekwa miaka ya 1990 yalipunguza vifo sana, ila kima bado hugongwa. Mwambie dereva apunguze mwendo kabla ya kufika kwenye matuta, hata kama mmechelewa ndege.