Tingatinga huja mwisho: tunavyokosea kuhusu kubomoa mitambo ya nyuklia

Tangu habari za urani, madini ya kutengenezea mafuta ya nyuklia, ya Mto Mkuju kule Namtumbo zishike kasi, hapa Mtwara nasikia mengi kijiweni wakati wa kahawa. Namtumbo ni njia moja na sisi: ukishapita Tunduru na Masasi, unateremka mpaka bandarini kwetu. Tunazungumza sana jinsi mambo ya nyuklia yanavyoanza. Jinsi yanavyofungwa, kubomolewa na kusafishwa, wengi tunabahatisha. Haya ndiyo ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Kinu cha nyuklia kikizeeka, unaleta tingatinga, basi."

Tingatinga huja mwisho kabisa. Kinu kikishazimwa, hutolewa kwanza mafuta ya nyuklia, yaani vijiti vyenye urani, ambayo hubeba zaidi ya asilimia 99 ya mionzi iliyomo. Yanakaa kwenye bwawa la maji kwa miaka kadhaa mpaka yapoe. Kisha inakuja kazi ninayoiona ndiyo kiini cha mpango wote, nayo ni kujua kilichomo: bomba lipi limebeba nini, sakafu ipi ilimwagikiwa na lini. Mafundi wa zamani huitwa na kuhojiwa kabla hawajatawanyika, kwa sababu kuna mvujo ambao haukuandikwa popote ila fundi aliyeshika tambara siku ile anaukumbuka. Zege lililochafuka juujuu hukwanguliwa, kama ukoko wa sufuria, halafu ukuta unapimwa upya.

Hata waliojiandaa hukosea. Pale Hanford, jimbo la Washington nchini Marekani, kulikuwa na jengo lililoshughulika na plutoniamu, metali yenye mionzi, kwa ajili ya silaha za nyuklia. Walilisafisha kwa miaka mingi kabla ya kuanza kulivunja. Mwaka 2017, ubomoaji ukiendelea, chembe zenye mionzi zilipeperuka, zikakutwa hata kwenye magari ya wafanyakazi. Vipimo vilionyesha kuwa watu 42 walivuta au kumeza kiasi kidogo. Kazi ilisimamishwa, mpango ukaandikwa upya, na jengo likaisha kubomolewa mwaka 2021.

"Si wamwage zege juu, wafukie?"

Kule Chernobyl, Ukraine, kinu kilipolipuka, walifunika hivyo mwaka 1986, kwa haraka, moto ukiwa umetoka kuzimwa. Jengo lile likaanza kuchakaa na kupitisha maji ya mvua, ikabidi litengenezwe kuba kubwa la chuma na kusukumwa juu yake mwaka 2016. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki halikubali kufukia kuwe mpango wa kinu kilichofungwa kwa kawaida. Hiyo ni njia ya baada ya ajali kubwa tu.

"Wanaochelewa kubomoa ni wazembe."

Si lazima. Kobalti-60, aina ya kobalti yenye mionzi iliyozaliwa ndani ya chuma cha kinu, hupungua nusu kila baada ya miaka 5.3 hivi, kwa hiyo ukisubiri miaka 53 inabaki chini ya sehemu moja ya elfu. Lakini miaka 53 ni maisha ya mtu: wanaolijua jengo watakuwa wamezikwa, na fedha zisipowekwa kando mapema zitakuwa zimeliwa. Mimi nawaunga mkono wanaotaka mpango wa kubomoa uandikwe kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Na kubomoa si kumaliza. Kinu cha Maine Yankee kilifungwa mwaka 1997, na kufikia 2005 majengo yalikuwa yameondolewa. Mafuta yake yaliyotumika yamebaki palepale kwenye makasha ya zege na chuma, yanalindwa usiku na mchana, kwa kuwa Marekani haijapata mahali pa kuyazika.

"Kila kifusi cha kinu ni sumu." Hapana. Sehemu kubwa ya zege na chuma cha kinu haijaguswa na mionzi. Hupimwa, ikithibitika ni safi huruhusiwa kutumika.

"Haya hayatuhusu, Tanzania haina kinu."

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Wanaopima visima vya gesi duniani kote hutumia vyanzo vidogo vya mionzi, kama sesiamu-137, na sisi tuna gesi Mnazi Bay na Songo Songo. Hospitali za saratani nazo hutumia vyanzo vya namna hiyo. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakachukua kichwa cha mashine ya tiba wakauze chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu, ukiwaka rangi ya buluu gizani, watu wakagawana. Walikufa wanne, mmoja mtoto wa miaka sita. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na nyumba zikabomolewa.

Juzi nilisimama kwa mnunuzi wa skrepa, mizani yake imening'inia kwenye tawi la mwembe. Kijana alileta kipande cha bomba lisilo na maandishi. "Hiki kinatoka wapi?" nikauliza. Mnunuzi akanijibu, "Mjomba, mimi naangalia kilo tu." Lilikuwa bomba la kawaida la maji. Ila kitu kidogo kikiwa kizito kupita umbo lake, huenda ni madini ya risasi yaliyozingira chanzo cha mionzi. Na ukiona alama ya mapanga matatu meusi, kama ya feni, yaliyozunguka nukta, kwenye rangi ya njano, usikipasue wala usikibebe. Sogea mbali, zuia watoto, uarifu polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.