Picha kwa mgonjwa si uchuro

"Sista, hizo picha zikae kwanza, tusimchulie mzee." Maneno haya nayasikia karibu kila nyumba ninayoingia kwa tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu na kumfariji mgonjwa mahututi, na yamenichosha. Eti ukimpa mgonjwa albamu yake ya zamani umemtangazia kifo. Mtu aliyekondeshwa na saratani hadi pete inamtoka yenyewe kidoleni hangoji picha ya harusi ndipo aijue hali yake. Anaijua. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye jambo lisilohusu choo, homa na uji uliobaki kikombeni.

Halafu akishafariki, jioni ileile wajukuu wanapekua masanduku wakitafuta picha nzuri ya kuweka kwenye fremu. Picha zilezile! Si angeziangalia akiwa hai, akawaambia yule kijana wa pembeni mwenye bugaluu ni nani? Picha moja ya studio, yenye pazia la minazi nyuma, inaweza kumfanya mama aliyenyamaza tangu asubuhi aseme: "Viatu hivyo niliazima." Hapo nami namjua yeye, si uvimbe wake tu. Uganda, kuanzia miaka ya 1990, kina mama wenye VVU waliwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, picha na habari za ukoo humo humo. Wao hawakuogopa uchuro.

Mpe moja moja, iliyochapishwa kubwa, miwani ikiwa usoni. Simu inamchosha mkono. Na jamani, msimfanyie mtihani: "Bibi, huyu nani? Humkumbuki?" Taja jina wewe, kisha nyamaza. Akigeuza uso, iweke kando.

"Atalia." Na alie, usimpokonye. Ila picha ya mtoto aliyemfia, muulize kwanza kama anataka kuiona.

"Zinamtuliza, basi tupunguze dawa." Hapana. Mofini ya maji inaendelea kila baada ya saa nne kama alivyoandikiwa. Mwenye maumivu makali hana hamu ya albamu.

"Tuzijaze ukutani." Anayeweweseka usiku anaweza kuogopa nyuso zile. Akianza kuzizungumzia kwa hofu, ziondoe.

"Tumpige mpya, tuzitume kwenye grupu la ukoo." Mmemuuliza? Nani kawaambia anataka mashemeji wauone mpira wake wa mkojo?